Kwa nini kila upande unaona habari za vita zimempendelea adui

Wiki ile mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa kundi la M23, mwishoni mwa Januari 2025, niliamka na kukuta jumbe mbili za sauti kwenye WhatsApp, zimepishana kwa nusu saa. Zote zilihusu taarifa moja ya habari ya saa mbili usiku, kutoka redio niliyowahi kuwa mhariri wa zamu kabla sijaanza kufundisha. Wa kwanza ni kijana wa Bukavu niliyemfundisha zamani: "Mwalimu, hao wenzako wamekula hela ya Kigali, si bure." Wa pili ni Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, walisoma darasa moja: "Shikamoo mwalimu. Naona siku hizi habari zenu zinaandikwa Kinshasa, nyie mnasoma tu."

Taarifa yenyewe haikufika dakika nne. Niliitafuta nikaisikiliza upya, na sentensi iliyowachoma wote wawili nikaikuta ni ileile: "Waasi wa M23 wanaoungwa mkono na Rwanda wamesema wameuteka mji wa Goma." Yule wa kwanza alichukizwa na "wamesema wameuteka". Kwa nini waachiwe redio wajitangazie ushindi? Wa pili alikwama kwenye "waasi" na "wanaoungwa mkono na Rwanda", maana Kigali inakana. (Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Julai 2024, walikadiria kuwa askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa mashariki mwa Kongo upande wa M23. Kwa hiyo maneno hayo mhariri hakuyaokota njiani.)

Watu wengi huniambia kwamba hii ni tabia ya zama za mitandao. Hapana. Ilipimwa miaka arobaini iliyopita, na iliyopimiwa ilikuwa vita.

Septemba 1982, jeshi la Israeli likiwa ndani ya Lebanoni, rais mteule wa nchi hiyo, Bashir Gemayel, aliuawa kwa bomu. Kesho yake askari wa Israeli wakaingia Beirut Magharibi. Kati ya tarehe 16 na 18, wanamgambo wa Kifalanji, ambao ni Wakristo wa Lebanoni, waliingia katika mtaa wa Sabra na kambi ya wakimbizi ya Shatila na kuua mamia ya raia, wengi wao Wapalestina. Wapo wanaokadiria maelfu. Askari wa Israeli walikuwa wamelizingira eneo lile. Televisheni za Marekani zikaonyesha maiti vichochoroni, na swali likawa moja: nani abebe lawama?

Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua vipande sita vya habari za televisheni za siku zile, wakawaonyesha watu 144. Baadhi walikuwa wakiiunga mkono Israeli, baadhi upande wa Waarabu, na waliobaki hawakuwa na upande wa kutajika. Kisha wakawauliza habari hizo zimeegemea wapi, kwa kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 1 ni kuikandamiza Israeli na 9 ni kuibeba. Walioiunga mkono Israeli walitoa wastani wa 2.9. Waliokuwa upande wa Waarabu walitoa 6.7. Picha ni zilezile na sauti ya msomaji ni ileile.

Hadi hapo unaweza kusema ni maoni tu, kila mtu na yake. Kilichonishtua mimi nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza (matokeo yalichapishwa 1985) ni kwamba hawakutofautiana kwenye hukumu peke yake. Walitofautiana hata kwenye walichokiona. Walipoulizwa Israeli ilitajwaje, waliokuwa upande wa Waarabu walisema asilimia 42 ya mara ilipotajwa ilitajwa kwa wema na asilimia 26 kwa ubaya. Wa upande wa Israeli wakasema wema ni asilimia 16 na ubaya asilimia 57. Ni kama watu wawili wametoka kwenye harusi moja, mmoja anasifia pilau na mwingine anaapa kwamba wageni walipewa ugali.

Na wenye kujua zaidi kuhusu mgogoro ule ndio waliouona upendeleo mwingi zaidi. Hili linapaswa kutuvua kiburi sisi tunaojiita wafuatiliaji. Anayejua historia anajua pia kilichoachwa nje, na katika dakika mbili za televisheni karibu kila kitu kimeachwa nje. Kila pengo analiona limekatwa kwa makusudi.

Sababu nyingine ni hesabu ya haki. Ukiamini kwa dhati kwamba ng'ombe wote kumi ni wako, atakayekugawia watano na jirani watano hutamwita mwamuzi. Utamwita mwizi mwenzake. Mhariri naye akigawa nafasi sawa kwa sawa hudhani kamaliza kazi, kumbe amewaudhi wawili.

Hapo ndipo wenzangu wa vyumba vya habari hukimbilia utetezi wao mzuri: "Tukilaumiwa na pande zote, basi tuko katikati." Nimeusema mwenyewe, zaidi ya mara moja, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Hauna mashiko. Katika utafiti uleule wa Stanford, wasio na upande hawakuangukia 5, katikati ya kipimo. Walitoa 3.8. Hiyo yaweza kumaanisha habari zilikuwa zimeinama kidogo dhidi ya Israeli. Yaweza pia kumaanisha kwamba matukio ya wiki ile yenyewe ndiyo yaliyoinama: Februari 1983 tume ya Israeli yenyewe, iliyoongozwa na jaji Yitzhak Kahan, ilisema nchi yao inabeba dhamana isiyo ya moja kwa moja kwa mauaji yale, na Ariel Sharon akaacha uwaziri wa ulinzi. Kelele za pande mbili hazikuambii ni lipi kati ya hayo. Zinakuambia tu kwamba kuna pande mbili.

Kwa hiyo hasira ya msikilizaji haithibitishi upendeleo, na hasira za wasikilizaji wawili haziufuti. Inabidi kushuka kwenye maneno yenyewe, na kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada, kwa sababu habari nyingi za vita vya mbali hutufikia kwa Kiingereza au Kifaransa kutoka mashirika ya habari kama Reuters, AFP au AP, kisha mtu mmoja mwenye usingizi anazitafsiri.

Mtu huyo nimewahi kuwa mimi. Usiku mmoja nilikuwa na habari mbili za vita hivyohivyo, mashambulizi mawili, kila moja kutoka upande wake. Kwenye ya kwanza nikaandika "watu kumi na wawili wameuawa". Kwenye ya pili nikaandika "watu tisa wamefariki dunia". Sikuwa na ajenda yoyote. Nilitaka tu nisirudie neno. Mzee mmoja akapiga simu studio, hakuwa mkali hata kidogo: "Mwanangu, hao wa pili walifariki? Walikuwa na presha?"

Tangu siku hiyo swali la yule mzee nalipeleka darasani kila muhula. Kuuawa kuna muuaji. Kufa hakuna. Kufariki kuna adabu, hata harufu ya udi, lakini bomu halina adabu. "Kupoteza maisha" ndiyo mbaya kuliko zote, kana kwamba marehemu aliyaangusha mwenyewe sokoni. Chukua habari za wiki moja za chombo unachokishuku, pigia mstari vitenzi hivyo vinne, kisha tazama nani huuawa na nani hufariki. Ikiwa mgawanyo unafuata pande za vita, hapo una kitu mkononi. Ikiwa umechanganyika ovyo, una mhariri mvivu, na hiyo ni kesi nyingine.

Neno la pili la kuchunga ni "kudai". Serikali hii "imesema", wapinzani wake "wamedai". Kiswahili hiki hiki kinachomwita mtu mdai akija kukudai deni lake la halali, redioni kimelifanya neno hilo kuwa la kumtilia mtu shaka bila kusema wazi. Kama hakuna aliyethibitisha kauli za pande zote mbili, basi wote wamesema au wote wamedai. Ukisikia upande mmoja tu ndio unaodai kila siku, andika tarehe.

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2023 ulionyesha kwa nini jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mlipuko ulitokea katika uwanja wa hospitali ya al-Ahli, Gaza, ambako watu waliokimbia makazi walikuwa wamejihifadhi. Wizara ya Afya ya Gaza, iliyo chini ya Hamas, ilisema ni shambulizi la Israeli lililoua mamia. Israeli ikasema ni roketi ya Islamic Jihad, kundi la wapiganaji wa Kipalestina, iliyofeli njiani. Vichwa vya habari vilikuwa vimeshapaa. Siku chache baadaye New York Times walichapisha maelezo ya wahariri wakikiri kwamba habari yao ya mwanzo iliegemea mno kauli za Hamas. Wachunguzi mbalimbali wamefikia majibu yanayopingana. Ila angalia maswali ya saa ile ya kwanza: nani alijua nini, na aliyetaja idadi alitajwa kwa jina au alifichwa nyuma ya "inaelezwa"? Nilihesabu vichwa vya habari vya Kiswahili nilivyotumiwa usiku ule. Vingi havikuwa na chanzo kabisa, vile vilivyolaumu Israeli na vile vilivyolaumu Wapalestina.

Tena wapo watu waliokasirika wakawa sahihi. Februari 2022, siku za mwanzo za uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, mwandishi wa televisheni ya Marekani ya CBS, Charlie D'Agata, alisema hewani kwamba Kyiv si Iraki wala Afghanistani, bali ni mji uliostaarabika kwa kiasi chake. Aliomba radhi. Watazamaji wa Kiarabu na wa Kiafrika hawakuhitaji utafiti wowote kuona tatizo, hasa wiki ambayo wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wakizuiwa kupanda treni za kukimbilia mpakani. Sentensi ipo, imerekodiwa, na unaweza kuinukuu. Ukiweza kuinukuu, lalamiko lako lina miguu.

Kisichoweza kunukuliwa ndicho kigumu zaidi. Israeli haijawaruhusu waandishi wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru wao tangu vita hivyo vianze Oktoba 2023. Waliobaki ndani ni waandishi wa Kipalestina, na zaidi ya 150 kati yao wameuawa. Kwetu Maziwa Makuu milango hufungwa kwa njia nyingine. Januari 2025 mamlaka ya habari ya Kongo iliisimamisha Al Jazeera baada ya kumhoji kiongozi wa M23, Bertrand Bisimwa. Oktoba 2014 Rwanda ilikuwa imesimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda kwa sababu ya makala ya televisheni kuhusu mauaji ya kimbari. Serikali mbili zinazotupiana maneno kila siku, katika hili zinaelewana. Mwandishi anayejua kituo chake kinaweza kufungwa asubuhi, huchagua maneno akiwa na hofu, na hofu hiyo haina kitenzi cha kupigia mstari.

Na kuna vita ambavyo havimkasirishi msikilizaji kwa sababu havisikii. Sudan imekuwa vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023, na watu zaidi ya milioni 10 wameyahama makwao. Mji wa El Fasher ulizingirwa kwa zaidi ya mwaka kabla ya kutekwa na RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, Oktoba 2025. Katika miaka hiyo yote sijawahi kutumiwa hata sauti moja ya kulalamika kwamba redio fulani imependelea upande mmoja wa Sudan. Kupendelea kunahitaji kwanza mtu awe ametajwa.

Wale vijana wangu wawili niliwajibu kwa kazi ya nyumbani, kama ilivyo desturi yangu mbaya. Niliwaomba wasikilize tena zile dakika nne, kila mmoja na kalamu, wasiandike walichohisi. Waandike nani amezungumza, kwa sekunde ngapi, na kitenzi gani kimetumika kwa nani. Yule wa Bukavu alinipigia Jumapili. "Mwalimu, nimehesabu. Waliosikika ni watatu. Msemaji wa jeshi, msemaji wa M23, mwanadiplomasia. Mtu wa Goma hata mmoja hayumo." Yule mwenzake hesabu yake ilitofautiana kwa sekunde chache tu, na alikuwa ameandika pembeni, kwa herufi kubwa, jambo lilelile.

Nilimpelekea mhariri wa zamu karatasi zote mbili. Alisema usiku ule mtandao wa Goma ulikuwa umekatika na kila namba waliyopiga haikupatikana. Nikamuuliza kwa nini, basi, hawakulisema hilo hewani.