Bweni la kimataifa na maandalizi ya chuo kikuu: yanayosemwa na yaliyopo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka Januari, wazazi wenye uwezo, pamoja na wale ambao watoto wao wanawinda ufadhili, huanza kuulizana kuhusu shule za bweni za kimataifa. UWC East Africa ya Moshi na Arusha, Aga Khan Academy ya Mombasa, St Andrew's ya Turi. Kinachotafutwa ni kimoja: mtoto akipita huko, chuo kikuu kitamshinda kweli? Majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mengi yana ukweli wa robo. Nitajikita zaidi kwenye Diploma ya IB (International Baccalaureate), kozi ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko mitaala mingine ya kigeni tuliyonayo.

"Ukisoma huko, nafasi ya chuo ni ya uhakika"

Hakuna shule inayogawa nafasi za chuo. Shule ya aina hii, ikiwa nzuri, inamzoesha mtoto kazi za chuo, na hilo ni jambo tofauti kabisa na udahili. Wapo vijana walioiva kwa kusoma chuo kikuu ambao walikosa kozi waliyoitaka, kwa sababu tu ya masomo waliyochagua wakiwa na miaka kumi na sita.

Chukua udaktari. Vyuo vyetu vya tiba, Muhimbili ikiwemo, vinataka prinsipo tatu, yaani ufaulu kamili wa kidato cha sita katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa aliyesoma PCB, yaani masomo hayo hayo matatu, hilo halimsumbui, tahasusi yake imeshalipanga. IB haiendi hivyo. Mwanafunzi anachukua masomo sita: lugha yake na fasihi, lugha ya pili, somo moja la jamii, sayansi moja, hisabati, na la sita ni sanaa au jingine analoliongeza kutoka kwenye makundi hayo. Akiongeza sayansi, anazo mbili. Ya tatu haina pa kukaa. Anaweza kumaliza na alama 38 kati ya 45, picha yake ikabandikwa kwenye ukurasa wa shule, na bado akakwama Muhimbili kwa kukosa Fizikia.

Njia ipo. IB huruhusu mpangilio usio wa kawaida kwa mwanafunzi anayeonyesha kwamba chuo anachokilenga kinadai sayansi tatu. Lakini kibali huombwa mapema, mwanzoni mwa miaka miwili ya kozi, na anayekiomba ni mratibu wa IB wa shule. Kwa hiyo mzazi ndiye anatakiwa kuuliza, na aulize siku ya kuchagua masomo. Walimu wengi wa shule hizi wametoka nchi za mbali. Wanazijua taratibu za Uingereza na Marekani kama viganja vya mikono yao, za TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, hawazijui.

Hisabati nayo ina mtego wake. Tangu 2019 IB ina hisabati mbili: ile ya uchambuzi, inayofupishwa AA, na ile ya matumizi, yaani AI. Kila moja ina ngazi ya juu na ya kawaida. Kijana anayeogopa hesabu atasukumwa AI ngazi ya kawaida ili alinde alama zake, na hakuna atakayemlaumu. Halafu siku moja anagundua kwamba anapenda uhandisi. Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mfano, kwa kozi zinazodai hisabati, inatarajia AA ya ngazi ya juu. Huyo mlango wake umefungwa miaka miwili kabla hajabisha.

Kwa wanaobaki nyumbani kuna hatua nyingine inayosahaulika. Cheti cha IB au cha mitihani ya Cambridge ni cha nje, na kabla ya kuomba chuo Tanzania lazima NECTA, baraza la mitihani, itoe ulinganifu wake. Matokeo ya IB hutoka mwanzoni mwa Julai na madirisha ya udahili hayamsubiri mtu, kwa hiyo nyaraka ziandaliwe kabla. Kenya nako, KUCCPS, chombo cha serikali cha udahili, hupanga wanafunzi vyuoni kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwenye IB aliyesoma Mombasa ataomba chuo moja kwa moja, na mara nyingi atajilipia.

"Kule hawakariri, kwa hiyo ni rahisi"

Hii husemwa zaidi na vijana wa kidato cha sita, kwa kijicho kidogo. Ni kweli mtihani wa mwisho haubebi kila kitu. Lakini wakitazama kazi ya IB inayoitwa insha ndefu, watanyamaza. Ni utafiti wa maneno yasiyozidi 4,000, mwanafunzi anachagua swali mwenyewe, na msimamizi anaruhusiwa kusoma rasimu nzima na kuitolea maoni mara moja tu. Ukizidisha maneno, mtahini anaacha kusoma pale kikomo kilipo, hata kama hitimisho lako lote liko mbele.

Tuseme mwanafunzi anakuja na mada yake: Vita vya Majimaji. Msimamizi hamkatalii, anamuuliza tu ni wapi, lini, na unataka kujua nini. Wiki inayofuata anarudi na "sababu za Majimaji". Bado ni bahari. Anarudishwa tena. Mwisho anafika hapa: kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilichangia kiasi gani kuzuka kwa vita katika milima ya Matumbi Julai 1905, ukikilinganisha na mafundisho ya Kinjekitile Ngwale, mganga wa maji ya dawa? Sasa ana swali, na swali linamwambia kitabu kipi asome na kipi akiache. Halafu anakutana na jambo linalomvuruga: Kinjekitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na bado moto ulisambaa hadi Ungoni na kuendelea mpaka 1907. Basi nani alibeba maji baada yake? Hapo ama abadili hoja yake au aitetee, na kila anachokisema akionyeshe kimetoka ukurasa gani wa chanzo gani.

Wengi wa wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hukutana na kazi ya namna hiyo mwaka wa tatu, wakati wa utafiti wa kumalizia shahada. Kabla ya hapo kuna madesa, kuna pasti pepa, kuna rafiki mwenye notisi za mwaka jana. Aliyekwisha kuandika insha ndefu ameumia mapema, na faida yake inaonekana: hashangai mhadhiri akimpa orodha ya vitabu bila kumwambia "someni sura ya tatu". Kama kuna jambo moja linalostahili ada ya shule hizi, kwangu ni hili.

Tusidanganyane lakini. Kwenye mahesabu ya mwaka wa kwanza, kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kutoka Ilboru au Kibaha aliyepiga msuli miaka miwili, akikokotoa maswali kwa mkono mpaka karatasi zikaisha, atamwacha mbali mwenzake wa IB aliyesoma hisabati ya AI na kikokotoo chake cha michoro. Semista ya kwanza ya uhandisi haiulizi una maoni gani.

"Mtoto wa bweni ameshakomaa, chuo hakitamtisha"

Bweni lipi? Tanzania tuna utamaduni mkubwa wa bweni, na wa kwetu unafundisha vitu ambavyo wa kimataifa haufundishi. Mwanafunzi wa Tabora Boys anafua shati lake mwenyewe, anabeba ndoo, anajua wali wa shule unatosha au hautoshi na afanye nini. Kwenye bweni la kimataifa, mara nyingi nguo zinafuliwa na mtu, chakula kipo mezani mara tatu, na mlezi wa bweni akikukosa wakati wa chakula cha jioni atakutafuta. Ni malezi mazuri, siyabezi. Ila ukimtoa kijana huyo pale umpeleke kwenye geto la Sinza au chumba cha Leeds, hajui mtungi wa gesi unadumu siku ngapi wala afanye nini boom, yaani pesa ya kujikimu, likiisha katikati ya mwezi.

Anachokijua ni kupanga muda. Ratiba yake ya IB ina vipindi vitupu, na hakuna mwalimu wa zamu anayepita na fimbo kuhakikisha unasoma. Kazi tano zinadaiwa wiki moja, kuna mazoezi ya timu, kuna saa za kujitolea kijijini, na yeye ndiye wa kuamua kipi kianze. Wengine huharibikiwa humo, na ni afadhali waharibikiwe wakiwa na mwalimu anayewafahamu kwa majina kuliko kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza bila mtu kujua walikuwa na tatizo.

Kuna na kuishi na watu. Kushiriki chumba na mtu wa Uholanzi, wa Sudan Kusini na wa Zanzibar humfundisha kijana kubishana bila kununa. Wanaoenda nje hulihitaji hilo kuliko wanavyodhani.

"Kiingereza ndicho kinachowabeba"

Kinawasaidia, hasa kwenye semina, pale mwenzao anapojua jibu lakini anaogopa kuchekwa na wenzake. Lakini kuongea vizuri hakufanyi hoja iwe nzuri, na wahadhiri hulijua hilo upesi. Jambo ambalo wazazi hawaambiwi ni kwamba IB inaruhusu Kiswahili kisomwe kama lugha ya kwanza, kwa fasihi yake, na mwanafunzi akisoma na Kiingereza kama lugha ya kwanza vilevile, akafaulu, hupata diploma ya lugha mbili. Shule isipokuwa na mwalimu wa Kiswahili, kuna utaratibu wa kujisomea chini ya uangalizi. Waulizeni.

"Ni za watoto wa matajiri tu"

Ada ni kubwa, hakuna ubishi. Ila UWC huchagua wanafunzi kupitia kamati za kitaifa, Tanzania na Kenya zikiwemo, na wengi huingia kwa ufadhili. Aga Khan Academy nayo hutoa misaada kwa kuangalia hali ya familia. Na waliohitimu UWC wana kitu ambacho wengine hawana: mpango wa Davis, ulioanza mwaka 2000, unaowasaidia kifedha wakikubaliwa na vyuo vya Marekani vinavyoshirikiana na mpango huo. Nje ya huo, kukubaliwa na kulipiwa ni mambo mawili. Vyuo vya Marekani visivyojali uwezo wa kifedha wa mwombaji kutoka nje ni vichache, vya aina ya Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na ushindani wake mnaujua. Uingereza msaada wa shahada ya kwanza kwa mgeni ni haba zaidi.

Kwa hiyo wengi watarudi nyumbani na kuomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na hapo aliyesoma shule ya ada kubwa kwa ufadhili huanza kuonekana mtoto wa tajiri kwenye fomu. Bodi inataka barua ya aliyemfadhili sekondari. Iombwe kabla kijana hajaondoka shuleni, ikiwa na muhuri na tarehe, kwa sababu kuifuatilia Agosti wakati ofisi ya shule imefunga ni kazi ngumu mno.