Safu Iliyojaa 18

Kabla sijawa mtafiti wa informatiki ya uuguzi, nilipokuwa muuguzi wa wodini, niliitwa kusaidia kikundi kimoja kusoma vifupisho vya wauguzi kwenye rekodi za wagonjwa waliolazwa. Nilikaa na kijana wa takwimu mbele ya skrini, yeye anasafisha data, mimi natafsiri mwandiko wa kikazi. Tukafika kwenye safu ya upumuaji. Ilikuwa inasomeka hivi: 18, 18, 20, 18, 18, 16, 18, 20, 18.

“Sista, hii ndiyo safu nzuri kuliko zote,” akaniambia. “Haina tundu hata moja, na hakuna namba za ajabu.”

Nilicheka mpaka akaudhika kidogo. Ilibidi nimweleze.

Mapigo ya moyo mashine inakuhesabia. Shinikizo la damu vilevile, na joto linasomwa kwenye kipimajoto. Ila upumuaji, kwenye wodi nyingi za kawaida, hauna mashine. Unasimama kando ya kitanda, unatazama kifua kikipanda na kushuka, jicho moja kwenye saa, dakika nzima. Tena mgonjwa akijua anahesabiwa, pumzi yake inabadilika papo hapo, kwa hiyo unaendelea kumshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo, huku macho yako yako kifuani. Dakika moja kwa kila mgonjwa, wodi imejaa, na kengele inalia upande wa pili. Wengi huhesabu sekunde 30 wakazidisha kwa 2, au sekunde 15 wakazidisha kwa 4.

Sasa fanya hesabu. Ukizidisha kwa 2 huwezi kupata namba witiri. Ukizidisha kwa 4 unapata 16, 20 au 24, lakini 18 hupati hata ukeshe. Mtu mzima asiye na shida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na watu wanapumua 17 na 19 kama wanavyopumua 18. Safu isiyo na 17 wala 19 inakuonyesha namna ya kuhesabu zaidi kuliko inavyokuonyesha wagonjwa. Na safu iliyojaa 18 inakuambia kwamba mara nyingi hakuna aliyehesabu: muuguzi alimtupia mgonjwa jicho, akaona anapumua vizuri, akaandika namba ambayo haitamletea mtu maswali.

Kijana akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonitoa wodini: “Kwa hiyo modeli yetu imejifunza nini?”

Modeli, yaani programu ya kompyuta iliyolishwa rekodi hizo, ilikuwa imejifunza kwamba upumuaji hauna maana yoyote. Ilhali kila aliyewahi kumuuguza mgonjwa anayezidiwa anajua kwamba pumzi hubadilika mapema, mara nyingine saa kadhaa kabla shinikizo la damu halijaanguka. Kompyuta haikukosea hesabu. Ililishwa 18.

Taaluma ninayoifanya leo, informatiki ya uuguzi, imesimama kwenye pengo hilo kati ya kilichotokea kitandani na kilichoandikwa. Maelezo yake yaliyozoeleka darasani yanatoka kwa watafiti Graves na Corcoran, mwaka 1989: namna data inavyogeuka taarifa, na taarifa inavyogeuka maarifa, katika kazi ya kuuguza. Chama cha wauguzi cha Marekani kiliitambua kama fani ya kibingwa mwaka 1992. Maelezo hayo nayakubali, ingawa huwa nawaambia wanafunzi kwamba yanaruka hatua ya kwanza, ile ya mtu aliyechoka kuamua aandike nini.

Malalamiko yenyewe ni ya zamani. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19 ambaye wengi wanamkumbuka kwa taa yake tu, alikuwa mtu wa takwimu hasa. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu cha London, na michoro yake ya vifo vya askari wa Uingereza vitani Crimea ilionyesha waziwazi kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha. Miaka michache baadaye alilalamika kwamba karibu kila hospitali aliyoomba rekodi ilimpa kitu kisichoweza kulinganishwa na kingine. Ningempa kazi kesho asubuhi.

Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Harriet Werley, muuguzi mtafiti Mmarekani. Aliona jambo ambalo wauguzi walikuwa wamelizoea kama hali ya hewa: mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, ugonjwa aliougua una namba yake ya msimbo, upasuaji una yake, dawa zina zake. Kazi ya muuguzi haina. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kukaa naye akiwa na hofu, kugundua kwamba ameanza kuchanganyikiwa kidogo tofauti na jana, yote hayo yanabaki kwenye maandishi huru, au hayabaki popote. Yakifika makao makuu ni kama hayakufanyika. Mwaka 1985 Werley pamoja na mwenzake Norma Lang waliitisha mkutano Milwaukee, Marekani, wakakubaliana orodha ya vipengele 16 vya chini kabisa ambavyo kila rekodi ingebeba. Vinne kati yake vilikuwa vya uuguzi wenyewe: tatizo alilolibaini muuguzi, alichofanya, matokeo yake, na uzito wa uangalizi aliohitaji mgonjwa. Vinne tu. Mpaka leo nakutana na mifumo ya hospitali ambayo haina hata hivyo vinne, na nimekaa kwenye vikao vya kununua mifumo ambapo nafasi ya muuguzi mezani ilikuwa ya kuonyeshwa mahali pa kubonyeza.

Nisiendelee kulalamika, maana utafiti ninaoupenda kuliko wote unakwenda kinyume na malalamiko. Sarah Rossetti na Kenrick Cato, wote wawili wauguzi watafiti waliofanya kazi hii Chuo Kikuu cha Columbia, waliuliza swali lililopinda: vipi tukiacha kutazama namba aliyoiandika muuguzi, tukatazama *wakati* alioandika? Muuguzi mwenye wasiwasi anarudi kitandani kabla ya muda. Anapima shinikizo la damu saa nane usiku ilhali ratiba inasema saa kumi. Anaongeza sentensi fupi ya maelezo mahali ambapo hakulazimika. Anaahirisha kutoa dawa fulani, akaeleza kwa nini. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa “nina wasiwasi”, lakini wasiwasi umeacha nyayo kwenye mfumo. Mwaka 2013 kikundi hicho kilikwisha kuonyesha uhusiano kati ya nyayo hizo na vifo vya wagonjwa. Wakajenga mfumo wa tahadhari wakauita CONCERN, wakaujaribu kwenye wodi 74, wagonjwa wakilazwa zaidi ya mara 60,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: pale mfumo ulipotumika, hatari ya mgonjwa kufia hospitalini ilishuka kwa asilimia 35.6.

Nilipousoma nilirudi kwenye ile safu yetu ya 18. Namba zilikuwa bure, kweli. Lakini pembeni yake kulikuwa na safu ya saa na dakika ambayo yule kijana alikuwa ameifuta siku ya kwanza, kwa kuwa modeli haikuihitaji. Nami sikumzuia.

Ukitaka kuingia kwenye kazi hii, basi, kitu cha kwanza ulicho nacho ni wodi, na usikimbilie kuiacha. Nimeona wauguzi wazuri wakimaliza shahada ya kwanza na kwenda moja kwa moja uzamili, kisha uzamivu, na wakifika kwenye data wanaiona kama wanavyoiona wahandisi. Kozi za takwimu utazipata. Lugha ya kuulizia kanzidata, SQL, unaweza kuianza kwa wiki chache za jioni, na R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, itakutesa miezi sita halafu itakuwa rafiki. Ila kujua kwamba kwenye wodi ile dawa za saa mbili usiku zinaandikwa zote kwa mkupuo saa nne kwa sababu kompyuta iko moja, hilo hakuna kozi inayolifundisha. Mimi wakati wa uzamivu nilibaki na zamu mbili kwa mwezi. Msimamizi wangu aliona napoteza muda. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilitoka kwenye mojawapo ya zamu hizo.

Ujue pia kwamba muda hauliwi kwenye uchambuzi. Unaliwa kabla. Andiko la utafiti, kamati ya maadili, barua kwa uongozi wa hospitali, makubaliano ya kutunza siri za wagonjwa, kuondoa majina na namba za faili, kisha mtu wa kitengo cha kompyuta aliyekuahidi data anahamishwa na unaanza upya na mwingine. Data yangu ya kwanza niliisubiri miezi kumi na minne. Uchambuzi wenyewe ulichukua saba. Wakati wa kungoja usikae bure: nenda ukatazame watu wakifanya kazi.

Kutazama ndiko kunakozaa maswali. Chukua mfano wa msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na kifaa. Unachanganua bangili ya mgonjwa, unachanganua dawa, mfumo unakuambia kama vinalingana. Ni kitu kizuri, na ushahidi upo: mwaka 2010 Eric Poon na wenzake walionyesha kwamba makosa ya utoaji dawa, ukiacha yale ya kuchelewa au kuwahi, yalipungua kwa asilimia 41.4 mahali ulipofungwa. Lakini miaka miwili kabla yake Ross Koppel na wenzake walikuwa wamekwenda kuwatazama wauguzi wakiutumia, wakakuta aina 15 za ujanja wa kuuzunguka, na sababu 31 nyuma ya ujanja huo. Kulikuwa na nakala za bangili zimebandikwa mbali na mgonjwa, zinachanganuliwa hapo. Meneja akisikia hivyo anasema wauguzi ni wavivu. Ukisoma sababu unakuta bangili imelowa na haisomeki, betri ya kifaa imekwisha, mtandao unakatika kwenye kona ya chumba, mgonjwa amewekwa karantini na kifaa hakiruhusiwi kuingia. Ujanja ule ni ripoti ya ubovu wa mfumo iliyoandikwa kwa mikono. Mtafiti aliyewahi kuwa na wagonjwa wengi na kifaa kibovu anaisoma bila mkalimani.

Sasa ubaya wake. Mtu wa fani mbili ana nyumba mbili, na kote anaitwa mgeni. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa na jarida la uuguzi kwa sababu ilikuwa na kompyuta nyingi mno. Nikaipeleka kwenye jarida la informatiki, mhakiki akaandika kwamba haina algoritimu mpya. Makala ileile! Ilichapishwa nilipoipeleka mara ya nne, kwa kubadilisha utangulizi tu. Kwenye mradi mmoja nilifanya kazi ya mwaka mzima ya kuainisha maandishi ya wauguzi, sentensi kwa sentensi, na jina langu likaishia kwenye aya ya shukrani. Niliumia. Tangu hapo sikubali kuanza kazi bila kukaa chini na kuandika nani atakuwa mwandishi na kwa mchango gani, na ninawasumbua wanafunzi wangu wafanye vivyo hivyo hata kama wanaona haya kwa wakubwa. Tafuta pia wasimamizi wawili, mmoja wa kila upande, na hakikisha wanaongea wao kwa wao. Wangu hawakuwa wakiongea, nami nilikuwa tarishi miaka minne.

Mwaka jana nilimpokea mwanafunzi wa uzamili kutoka sayansi ya kompyuta, binti mwepesi sana wa akili. Alikuja na mpango wa kutengeneza modeli itakayosahihisha upumuaji ulioandikwa vibaya. Sikubishana naye. Nilimwombea ruhusa, nikampa saa yangu ya mkononi yenye mshale wa sekunde, nikampeleka wodini asubuhi awahesabie pumzi wagonjwa kumi na wawili, dakika nzima kila mmoja. Nilimwambia nitamsubiri ofisini, nikikadiria nusu saa.

Alirudi baada ya saa mbili, koti limelowa maji mkono mmoja. Daftari lake lilikuwa na wagonjwa wanne. Mmoja alimwomba maji katikati ya dakika. Mwingine alimdhania ni muuguzi, akaanza kumsimulia habari za usiku kucha, na mtu anayeongea huwezi kumhesabia. Bibi mmoja alitaka kwenda chooni na hakukuwa na mtu karibu.

“Na hawa wanane?” nikamuuliza.

Akaangalia daftari, kisha akaniangalia mimi. “Mama, kwa kweli nilikuwa karibu kuwaandikia 18.”