Je, wajua kwa nini watu wengi wanaruka tu onyo la usalama kwenye brauza?

Kama umewahi kufungua tovuti, brauza ikakuzuia na onyo lake, na wewe ukabonyeza kuendelea bila kusoma hata mstari mmoja, ujue mko wengi sana. Mwaka 2013 watafiti Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt walitoa utafiti wa maonyo zaidi ya milioni 25 yaliyowatokea watumiaji wa kweli wa Chrome na Firefox. Kwa onyo la muunganisho usioaminika, kwenye Chrome karibu asilimia 70 yalirukwa, kwenye Firefox asilimia 33. Hatari ileile! Ingekuwa ni uzembe wa watu tu hizo namba zingekaribiana, na isitoshe onyo la virusi au tovuti ya kitapeli watu walilitii zaidi, hata kwenye Chrome waliolipita hawakufika robo. Kwa hiyo watu wanasikia wakiambiwa vizuri. Shida iko kwenye onyo lenyewe.

Chrome ya wakati ule ilikuwa inasema hivi, cheti cha usalama cha tovuti hii hakiaminiki. Sasa mtu wa kawaida anaelewa nini hapo? Cheti ni kama kitambulisho ambacho tovuti inaonyesha kabla hamjaanza kuongea, brauza inakikagua kimetolewa na nani na kama hakijaisha muda, ila anayetaka kulipia kitu au kusoma meseji zake hayo hayajui na wala hana haja ya kuyajua, anachotaka kujua yeye ni atapoteza nini akiendelea. Na hilo ndo halikuandikwa waziwazi. Alafu kitufe cha kuendelea kilikaa palepale pembeni ya kile cha kurudi, kubonyeza mara moja tu umepita, wakati Firefox ilikupitisha hatua kadhaa kwanza.

Timu ya Chrome ikaandika upya. Onyo jipya likasema muunganisho wako si wa faragha, kuna watu wanaweza kuwa wanajaribu kuiba taarifa zako kwenye tovuti hii, mfano nywila, meseji au kadi za benki. Kitufe cha kurudi kikawa kikubwa chenye rangi, cha kuendelea kikafichwa ndani. Utafiti wao wa 2015 ukaonyesha karibu asilimia 30 zaidi ya watumiaji waliamua kubaki salama. Lakini, na hapa nawaheshimu sana hao watafiti, waliandika wenyewe kwamba lengo la kuwafanya watu waelewe onyo lilishindikana, yani watu walitii zaidi ila kuelewa bado. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya kazi, maana mtu anayetii bila kuelewa atakwama siku onyo likija kwa namna nyingine.

Kuna na hili la maonyo ya uongo. Kompyuta ambayo ile betri ndogo ya ndani imekufa inarudisha tarehe nyuma miaka kibao, brauza ikiangalia inaona vyeti vyote vya dunia havijaanza hata kutumika, basi kila tovuti inakuja na onyo. Hapo hakuna mwizi yeyote! Ndo maana siku hizi Chrome ikigundua saa ndo tatizo inakwambia moja kwa moja saa yako iko nyuma, irekebishe. Huo ndo uandishi ninaoupenda, sababu mtu amepata cha kufanya na anaweza kukifanya mwenyewe.

Msidhani wataalamu wao wamepona. Wanaotumia OpenSSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye seva, yani kompyuta ya mbali, wanalijua lile onyo la herufi kubwa, kwamba utambulisho wa seva umebadilika na inawezekana kuna mtu anafanya jambo baya. Linaeleza kwamba labda kuna anayekusikiliza, au labda ufunguo wa seva, yani namba ndefu inayoitambulisha, umebadilishwa tu, kisha linakwambia uwasiliane na msimamizi wa mfumo. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub, tovuti ambako madevelopa wanahifadhi kodi zao, walibadilisha ufunguo wao wa aina ya RSA baada ya sehemu yake ya siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye ripositori, yani hifadhi ya kodi, iliyo wazi kwa wote, na madevelopa waliokuwa wanautegemea wakakutana na onyo hilo. Msimamizi wa GitHub utampigia simu wewe? GitHub walitangaza alama ya ufunguo mpya, yani mfululizo mfupi wa herufi na namba unaoutambulisha, ili mtu alinganishe, na amri ya kufuta ule wa zamani, na hiyo ndo iliyosaidia.

Kinachonisumbua ni kwamba kwenye Debian na Ubuntu, mifumo endeshi ya kompyuta, onyo hilo linakuja na amri ya kufuta ufunguo wa zamani tayari imeandikwa, unakopi unapesti umemaliza. Kulinganisha alama, ambayo ndo hatua pekee inayokulinda, hakujaandikiwa njia. Mtu mwenye haraka atafuata amri aliyopewa, na kama kweli kuna mtu katikati yake na seva anayesikiliza basi amemfungulia mlango mwenyewe. Ningependa mstari mmoja tu utangulie hiyo amri: kabla hujafuta, tafuta alama hii kwenye ukurasa rasmi wa mwenye seva au muulize kwa simu, zisipofanana usiendelee. Na kwa kuwa hizi ni programu huria, maneno hayo yako kwenye faili za kodi ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kupendekeza mabadiliko, hata asiyejua kuandika programu.