Dawa hakukosa, na bado kichomi kilimpata

Mama mmoja anayebanika samaki pale Dunga alifika kliniki yetu Kisumu mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, mkono ameubana ubavuni. Ijumaa alikuwa kazini, mzima kabisa. Jumamosi usiku akashikwa na baridi ya kutetemesha, na kufikia Jumapili makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Hata sijamgusa, akasema: "Daktari, ARV zangu sijakosa hata siku moja." Nyumbani dada yake alikuwa ameshaanza kumshuku kwamba ameacha dawa hizo za VVU.

Nilimwamini. Kipimo chake cha mwisho hakikuonyesha virusi kwenye damu, na CD4 yake, yaani hesabu ya seli za kinga, ilikuwa imepita 500.

Nimonia ya bakteria, yaani kichomi hiki kilichompata, inawatatanisha watu hapo. Ile nimonia ya kuvu tunayoiogopa kwa wenye VVU huja zaidi CD4 ikishuka chini ya 200. Hii ya bakteria haingoji. Hatari huongezeka kadiri CD4 inavyopungua, lakini hata aliye na kinga nzuri huipata kuliko jirani yake asiye na VVU. Mhusika mkuu ni Streptococcus pneumoniae, ambaye mara nyingi hukaa puani mwa watu bila kuwadhuru. Amejivika ganda la sukari linaloteleza. Chembe za mwili zinazomeza vijidudu hazimshiki mpaka kingamwili zimpake kwanza, kama vile kamongo anavyokuponyoka mpaka umpake jivu. VVU huharibu mapema seli zinazotengeneza kingamwili hizo. ARV hurudisha mengi, ila sehemu hii hairudi yote.

Huku kwetu mwenye VVU akikohoa, kila mtu anawaza TB. Ni sawa kuipima, na makohozi ya mama huyu yalipelekwa kwenye mashine siku hiyohiyo. Lakini mimi swali langu la kwanza huwa: umeugua siku ngapi? TB kwa kawaida humkondesha mtu kwa majuma. Kichomi cha bakteria kinaweza kumuua kwa siku chache, kwa hiyo dawa haisubiri majibu ya maabara. Na tafadhali, usipitie duka la dawa kununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki ya sipro. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuituliza TB kidogo, homa ikashuka, ugonjwa ukajificha huku ukiendelea kula mapafu.

Nilimshika kiganja kana kwamba napima mapigo ya moyo, kumbe nahesabu pumzi. Mtu akijua unazihesabu, hubadilisha kupumua. Dakika nzima: 34. Kwa mtu mzima, kufika 30 ni hatari. Kidude cha kidoleni kikasoma oksijeni asilimia 88, iko chini. Tukamlaza, akawekewa oksijeni na kuanza seftriaksoni ya sindano.

Wengi pia huniuliza kama waache Septrini, dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizi, wamechoka na vidonge. Hapo jirani, Homa Bay, palifanyika utafiti, ukachapishwa 2016: watu 500 wanaotumia ARV na wenye CD4 nzuri, nusu wakaacha Septrini. Walioacha waliugua zaidi, hasa malaria. Kama umeandikiwa, usiiache kabla hatujazungumza. Uliza pia kuhusu chanjo ya nimonia.

Moshi nao una sehemu yake. Bandani mwake anainama juu ya kuni tangu alfajiri, na moshi hulemaza vile vinyweleo vinavyosukuma uchafu kutoka kifuani. Siwezi kumwambia aache kazi inayolisha watoto wake. Tulizungumza juu ya kuondoa mabati ya upande wa ziwa ili upepo upite.

Siku ya tatu homa ilishuka. Majibu ya TB yalirudi, hana. Baada ya wiki mbili alikuja kuonwa tena, pumzi 18, ameongozana na dada yake. Nikamweleza dada huyo, mwenyewe akisikia, kwamba dawa hakukosa.