Pinocchio si hadithi ya pua

Nafundisha fasihi ya watoto, na kauli inayonichosha kuliko zote ni hii: "Pinocchio ni hadithi ya kuwakanya watoto wasiseme uongo." Wengi wanaoisema wameona katuni ya Disney ya 1940, kitabu cha Carlo Collodi hawajakigusa.

Haya, tuanze na hiyo pua, ambayo wengi wanaijua kwa kurefuka Pinocchio, kikaragosi wa mbao, anaposema uongo. Katika sura ya tatu Geppetto, mzee anayemtengeneza na kumfanya mwanawe, anaichonga, na kadiri anavyoikata ndivyo inavyozidi kurefuka. Mdomo bado haujachongwa! Uongo kausema nani? Sura ya tano inarefuka tena, sababu njaa. Kikaragosi anaona chungu kinachemka jikoni, anakimbilia kukifunua, kumbe kimechorwa ukutani pamoja na moto na mvuke wake. Hapo pua inaongezeka vidole vinne. Pua ya uongo ipo, sikatai: sura ya 17 na ya 29. Kitabu kina sura 36.

Sura zilizobaki zimejaa umaskini wa Italia ya wakati ule. Geppetto anauza koti lake wakati theluji inaanguka, ili mwanawe apate kitabu cha alfabeti. Mbweha na Paka wanamwibia Pinocchio sarafu zake za dhahabu. Anakwenda kushtaki, na hakimu, sokwe mzee, anamsikiliza kwa huruma kisha anaamuru afungwe yeye aliyeibiwa. Anakaa gerezani miezi minne. Msamaha unapotangazwa, mlinzi anamkatalia kutoka kwa sababu wanaoachiwa ni wahalifu tu. Inabidi aseme, "Na mimi ni mhalifu," ndipo mlango unafunguliwa. Huyu ndiye tunayeambiwa anafundisha ukweli: kasema yeye ni mhalifu, na pua haikusogea.

Na kifo? Hadithi ilianza kutoka gazetini Julai 1881. Oktoba, sura ya 15, Pinocchio ananyongwa kwenye mwaloni, na Collodi akaishia hapo. Wasomaji walidai zaidi, akaendelea mwaka uliofuata.

Kinachonisumbua mimi ni sura ya mwisho. Pinocchio anakubali kazi ya kuzungusha gurudumu la maji ili apate gilasi ya maziwa ya baba yake mgonjwa. Nafasi ipo kwa sababu punda aliyekuwa akiifanya yuko hoi kwa njaa na kazi. Punda huyo ni Lucignolo, rafiki yake wa shule aliyegeuka punda. Anataja jina lake kwa shida, anakufa. Pinocchio anajifuta chozi kwa nyasi kavu, na mwenye shamba anamshangaa kwa kumlilia punda ambaye hakumgharimu hata senti. Kisha anaendelea na kazi ileile.

Vitabu vya kiada husema hapo mtoto amejifunza kufanya bidii, basi. Mimi nikiisoma naona Collodi anaisifu bidii, na papo hapo anatuonyesha aliyeuawa nayo. Ipi ina uzito zaidi? Nayumba kila ninapoifundisha, na wanafunzi wangu nawaambia hivyo hivyo.