Maana ya kitenzi saku (裂く) katika Kijapani

Kamusi nyingi hueleza kitenzi saku kwa maneno ya kuchana na kupasua, lakini mwanafunzi wa Kijapani akiishia hapo atakitumia hata mahali pasipostahili. Kiini chake ni kutenganisha kwa nguvu kitu kilichokuwa kimoja, mara nyingi kwa kufuata nyuzi au urefu wake. Kitambaa kikuukuu huchanwa vipande vyembamba ili kifumwe upya, ngisi mkavu huchambuliwa nyuzinyuzi na kuuzwa kwa jina la saki-ika, na samaki aitwaye mkunga hupasuliwa kabla ya kuchomwa, kwa desturi mgongoni katika eneo la Tokyo na tumboni katika eneo la Osaka. Mfano wa mkunga ni muhimu, kwa sababu unaonyesha kwamba saku haihitaji mikono mitupu. Kisu nacho kinaruhusiwa.

Lakini si kila kuchana au kupasua ni saku. Anayechana barua kwa hasira kwa kawaida husemwa kuwa ameifanyia yaburu, kitenzi kinachotilia mkazo uharibifu na ambacho hutumika pia kwa kuvunja ahadi. Kuni nazo, ingawa sisi twasema zinapasuliwa, Wajapani hutumia kitenzi waru kwa ajili yake.

Upande wa sarufi, mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao haifai aupuuze. Tofauti ya pasua na pasuka ndiyo tofauti ya saku na sakeru: nuno o saku ni kuchana kitambaa, ilhali nuno ga sakeru ni kitambaa kuchanika. Hata hivyo, asidhani kwamba kila -eru ni kama -ka yetu, kwa maana akeru ni kufungua na aku ni kufunguka, kinyume kabisa.

Kitenzi hiki huvuka mipaka ya vitu vinavyoshikika. Naka o saku ni kuwatenganisha watu wapendanao, na jikan o saku ni kumtengea mtu muda, ila hapo huandikwa kwa herufi nyingine, 割く. Herufi 裂 yenyewe ina alama ya nguo, 衣, sehemu ya chini, nami naona hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuikumbuka.

Yupo pia saku mwingine, 咲く, mwenye maana ya kuchanua kwa ua. Wakati uliopita wa vyote viwili ni saita. Katika matamshi ya Tokyo, saku ya kuchana huanza kwa sauti ya juu kisha hushuka, na ile ya ua huanza chini na kupanda.