Kabla ya kutundika dripu nyingine

Ndugu wa mgonjwa mahututi, awe ametoka Tukuyu, Chunya au Mafinga, akiona chupa imekwisha huuliza mbona hatundikiwi nyingine. Ana haki ya kuuliza. Maji yakipungua, figo huumia. Yakizidi, huingia mapafuni. Utafiti wa Uganda, Kenya na Tanzania uliochapishwa 2011 ulihusu watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Katika saa 48, waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10, wasiomiminiwa asilimia 7 hivi.

Altrasaundi husaidia kuamua. Mgonjwa hulazwa chali, hupakwa jeli, kisha proba, kile kifaa cha kupimia kinachoshikwa mkononi, huwekwa chini ya chembe cha moyo bila kukandamiza, maana mkono mzito hubana mshipa ukaonekana mwembamba. Kinachotafutwa ni vena kava ya chini, mrija mweusi unaopita nyuma ya ini hadi upande wa kulia wa moyo. Anayejifunza mara nyingi hukosea akapima aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Dawa yake ni moja: fuata mshipa mpaka uuone ukiingia moyoni, ndipo urudi nyuma sentimita 2 na kupima.

Kwa anayepumua mwenyewe, mshipa usiozidi sentimita 2.1 unaonywea zaidi ya nusu akivuta hewa puani ghafla huonyesha kwamba shinikizo la damu inayorudi moyoni liko chini. Ukizidi hapo na usinywee, shinikizo liko juu. Kuongeza maji kunahitaji sababu nzito. Vipimo vya katikati, navyo ni vingi, havisemi lolote la maana. Aliye kwenye mashine ya kupumulia hasomwi kwa kanuni hii, kwani mashine husukuma hewa na mshipa hutanuka badala ya kunywea.

Tena, mshipa ulionywea si agizo la dripu. Hata mzima huwa nao. Na mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu yanaweza kuuchosha upande wa kulia wa moyo, mshipa ukajaa hata kama mgonjwa anatokwa damu. Mjamzito wa miezi ya mwisho alazwe kiubavu kushoto, la sivyo mimba hubana mshipa.

Penye shaka, miguu huinuliwa nyuzi 45 kwa dakika moja hivi: takriban mililita 300 za damu hurudi moyoni bila kutundika kitu. Damu inayosukumwa na moyo isipoongezeka kwa asilimia 10 au zaidi, maji hayatasaidia.

Ndugu, mwambieni daktari alipewa chupa ngapi zahanati, na alikojoa lini mara ya mwisho. Altrasaundi haiyaoni hayo.